Kufuli ya Pili

Umbilo, Durban
12 Januari 2025

Mpwa wangu Bupe,

Nakusalimu wewe na mama yako, dada yangu Sesilia, pamoja na wote wanaolala chini ya paa lenu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la mkaza mjomba wako Clara, ambalo limekataa kupanda ngazi. Maji ya bomba yalikatika siku tatu wiki iliyopita. Tulichota kwa Colette, mama wa Kikongo mwenye saluni chini ya ghorofa letu. Yeye ana tangi, na hakumnyima mtu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Vichupa sita vya mbegu yako ya bakteria vilifika kwenye maabara yetu ya Clairwood tarehe nane, vikiwa bado vimeganda na muhuri haujaguswa. Nilipoona jina lako juu ya karatasi, nilisimama kidogo. Nilikulea tangu ukiwa na miaka tisa, na leo maabara ninayofanyia kazi imepewa kupima bakteria uliowatengeneza wewe.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Nimeyaelewa hivi; nikosoe nikikosea. Bakteria hawa watatiwa kwenye mabwawa ya ushirika wa kahawa huko kwetu, ili wale uchafu wa maji yaliyooshea kahawa kabla maji hayo hayajaingia mtoni. Ili wasitoroke, umewafunga kufuli mbili. Ya kwanza: hawawezi kujenga miili yao bila kirutubisho ambacho hakipatikani popote duniani ila kwenye chupa zetu, na ambacho mtakimimina bwawani. Ya pili: wamebeba jeni ya sumu, ambayo hulala kirutubisho kikiwapo na huamka kikikosekana, ikamuua bakteria mwenyewe. Atakayetaka kutoroka itabidi avunje zote mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi safi.

Nitapanda bakteria bilioni kumi kwenye visahani visivyo na kirutubisho. Asiote hata mmoja. Fomu ya mamlaka wanaotoa kibali inaruhusu kusoma siku ya tatu, lakini unajua desturi yangu: kisahani hakitoki katika kabati la joto kabla ya siku ya saba.

Barua hii anakuletea Kidawa, yule mfanyabiashara wa nguo anayepita Tunduma. Mambo ya kazi siyasemi kwenye simu. Maneno ya simu hayana tarehe.

Mjomba wako,
Anselmo


Tukuyu
2 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenifikia kupitia kwa Kidawa, pamoja na kitenge cha Mama. Ameshakishona na amekivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo, mpaka majirani wakamuuliza kama ana kingine. Anakusalimu sana. Mpe pole Mama Clara kwa goti.

Mto umezidi kuharibika, Mjomba. Msimu uliopita maji ya kahawa yalioza ndani yake miezi minne. Ukipita darajani unaziba pua. Watoto walioogelea walitoka vipele, na Mama sasa anapanda mpaka kwenye chemchemi ya juu kuchota maji, na ndoo moja tu, kwa sababu mgongo haumruhusu kubeba mbili. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Ephraim, ananiuliza kila wiki, "Binti, wadudu wako wanakuja lini?" Namwambia si wadudu. Anasema, "Hata wakiwa simba, walete."

Kahawa itaanza kuoshwa Juni. Mamlaka wanataka fomu kabla ya mwisho wa Februari, la sivyo tutasubiri mwaka mzima na wafadhili wataondoka. Kwa hiyo nakuomba, safari hii soma siku ya tatu, utie sahihi, uitume. Fomu yenyewe inaruhusu. Usijichoshe na siku saba. Macho yako si ya kuinamia visahani wiki nzima, na mimi sipendi kukusumbua uzeeni.

Sina la zaidi ila kukuombea afya.

Mpwa wako,
Bupe


Umbilo, Durban
9 Machi 2025

Mpwa wangu Bupe,

Salamu zangu kwenu nyote. Goti la Clara limepata nafuu kwa sindano. Fabien, kijana wa Bukavu ninayefanya naye kazi, amepata mtoto wa kike na amempa jina la Julienne, jina la mama yake.

Nilifanya ulivyoomba. Nilipanda visahani Ijumaa tarehe 21 Februari. Jumatatu tarehe 24 nilivisoma: havikuwa na kitu. Nikatia sahihi kwamba mbegu yenye kufuli mbili imepimwa na hakuna aliyetoroka, na fomu ikaenda siku hiyohiyo. Katika miaka kumi na tisa niliyofanya kazi hapa, sijawahi kutia sahihi siku ya tatu. Nilifanya hivyo kwa sababu uliyeomba ni wewe.

Lakini visahani sikuvitupa. Nilivirudisha kwenye kabati la joto kwa mazoea. Ijumaa iliyofuata Fabien alikwenda kuvitoa ili avichome, nikamsikia akiita.

"Muzee, kuya uone. Iko vitu hapa."

"Vitu gani?"

"Vidoa. Ine."

"Umefungua kifuniko?"

"Non, Muzee, mimi si mtoto! Nilikuwa naenda kutupa, nikaona. Siku ya tatu haikukuwa."

Nikamwambia huenda ni uchafu wa hewa. Akacheka. "Uchafu wa hewa iko na rangi yake, iko na manyoya. Hii ni wale wale wetu."

Nilihesabu vidoa vinne. Tukachukua kidogo kutoka kila kimoja, tukakipanda upya pasipo kirutubisho. Kesho yake kisahani kizima kilikuwa cheupe. Fabien akasema, "Eish, Muzee, na karatasi imeshaenda."

Nieleze, Bupe. Bakteria anaweza kuvunja kufuli moja kwa bahati. Katika bilioni kadhaa, mmoja huvunja. Lakini wanne kuvunja zote mbili, katika bilioni kumi tu? Hesabu inakataa. Kufuli ya pili ilifanya nini? Nijibu hilo tu.

Nimekupigia simu mara nne kukutaka usome barua hii mapema. Hukupokea.

Mjomba wako,
Anselmo


Tukuyu
30 Machi 2025

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa simu, mtandao wa huku umekuwa mbaya sana. Tumefurahi kusikia Mama Clara amepona goti, na hongera kwa Fabien kwa kupata mtoto. Mvua zimekuwa nyingi. Migomba miwili ya nyuma ya nyumba imeanguka, ila ule mkubwa umesimama. Mama amechaguliwa kuwa mweka hazina wa kwaya na sasa anatembea kama waziri. Binamu yangu Gilbert ameoa Mbozi. Tulikwenda watu kumi na mmoja kwenye gari la watu saba. Nakutumia kilo mbili za kahawa tuliyokaanga wenyewe, Kidawa ameahidi kutoifungua.

Kibali kimetoka. Mabwawa yanafunguliwa tarehe 9 Juni, na kutakuwa na ngoma na wageni.

Kuhusu vile vidoa, huenda ni vumbi tu, Clairwood malori ni mengi. Usihangaike.

Mpwa wako,
Bupe


Umbilo, Durban
20 Aprili 2025

Bupe,

Leo ni Pasaka. Nawatakia heri. Kahawa imefika salama, nayo ni nzuri.

Niliuliza swali moja, ukanijibu kwa harusi na migomba. Basi nikalitafuta jibu mwenyewe. Nilichukua bakteria kutoka kidoa kimoja, na kutoka kichupa chako cha sita ambacho hakikuwa kimefunguliwa, nikawapeleka kwa watu wenye mashine ya kusoma jeni. Majibu nimeyapata Alhamisi. Nilitarajia kukuta kufuli ya pili imevunjika. Haikuvunjika. Haimo. Haimo kwenye vidoa, na haimo kwenye kichupa chako. Mahali ambapo karatasi yako inasema pana jeni ya sumu, pamekatwa na kuunganishwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake. Mkono huo naujua.

Tangu Alhamisi nimekuwa nikiirudia barua yako ya Februari. Nilikuwa nimemsomea Clara yale maneno ya macho yangu na uzee wangu. Nilimwambia, "Unaona mtoto huyu anavyotufikiria?" Kumbe ulijua kwamba wanaovunja kufuli moja huchelewa kuota, na kwamba siku ya saba wangeonekana. Hukuwa unayahurumia macho yangu. Ulikuwa unayafumba.

Katika bwawa lenu hakutakuwa na bilioni kumi. Kutakuwa na bilioni kumi katika kila ndoo chache. Watakaotoroka watashuka na mto, na watakula nini huko chini, wewe hujui na mimi sijui. Hatuna ndoano ya kuwavua.

Iandikie mamlaka wewe mwenyewe. Sema ulichokiondoa. Nakupa muda mpaka tarehe 31 Mei. Ukilisema wewe, litakuwa kosa lililosahihishwa. Nikilisema mimi, litakuwa jambo jingine.

Anselmo


Tukuyu
18 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo. Sikumwambia nakuandikia.

Ni kweli. Niliiondoa Novemba. Ile jeni ya sumu, hata ikilala, huvuja kidogo, na bakteria anayevujiwa hukua polepole. Kwenye joto la maabara huioni tofauti. Kwenye maji yetu ya baridi walikuwa kama wamelala: siku ishirini, na maji bado yananuka. Wafadhili walikuja, wakachungulia ndani ya pipa, mmoja akafunika pua. Walitupa msimu mmoja tu. Nilitoa kufuli, na kwa siku nne maji yakawa meupe, Mjomba. Mzee Ephraim aliyanusa akalia.

Nilijua maabara yenu itapewa kazi, na nilijua ni wewe utakayesoma. Kule kwa mamlaka wanalijua jina lako. Sahihi yako ikiwapo hakuna anayeuliza swali la pili. Na nilijua nikikuomba siku tatu utanipa.

Lakini usijifanye msafi peke yako. Chini ya fomu pana mstari unaouliza kama mpimaji ana undugu na mwenye mbegu. Kwenye nakala niliyopewa, ulijaza "Hapana". Kwa kuwa wewe ni kaka wa mama, majina yetu ya ukoo hayafanani, na hakuna aliyegundua. Mimi sikukuomba uandike hivyo. Uliandika mwenyewe, kwa sababu ulitaka kuisoma kazi yangu.

Kwa hiyo tuko pamoja. Mabwawa yamejaa, mapipa manne ya mbegu yapo tayari. Watu mia tatu wanasubiri. Choma vile visahani na kile kichupa cha sita, nami msimu ujao nitairudisha kufuli polepole, bila kelele. Nakuapia. Mama atachota maji karibu na nyumba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Hilo si kitu kwako?

Bupe


Umbilo, Durban
2 Juni 2025

Bupe,

Ni kitu kwangu. Nimeliwaza jambo hilo siku sita, na sikupata njia ya kulizunguka.

Leo asubuhi nimewaandikia mamlaka. Barua hii itakufikia baada ya wao kukufikia. Najua, na nimekubali iwe hivyo. Nimewapelekea majibu ya mashine, picha za vidoa vinne, na maelezo ya kile kichupa. Nimewaambia kwamba sahihi yangu ya tarehe 24 Februari naiondoa. Nimewaambia pia kwamba wewe ni mtoto wa dada yangu, kwamba nilijaza "Hapana" nikijua si kweli, na kwamba nilisoma siku ya tatu kwa kuombwa na ndugu. Hayo umesema kweli, na sikutaka ubaki nayo mkononi.

Barua yako sikuiambatisha. Walichohitaji kimo kwenye kichupa.

Msalimu mama yako, kama atapokea salamu.

Anselmo


Tukuyu
29 Juni 2025

Mjomba,

Walikuja Ijumaa tarehe 6, siku tatu kabla ya ufunguzi. Maofisa wawili wa mamlaka, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Turubai zilikuwa zimeshasimamishwa. Hawakuniita pembeni. Waliketi kwenye viti vya wageni, mbele ya kamati nzima, yule mwanamke akaweka karatasi mbili mezani.

"Hii fomu na hii barua ni za mtu mmoja?"

"Ni za mtu mmoja."

"Mara ya kwanza anasema kufuli ni mbili. Mara ya pili anasema ni moja. Ni ngapi?"

Nikasema moja. Mzee Ephraim akaniangalia kama mtu asiyesikia vizuri. Huguette, yule mke wa fundi pampu, ambaye hajawahi kukosa neno, akasema kwa sauti, "Mlituambia wana kufuli mbili, tena za chuma. Kumbe mlango wenyewe ni pazia!" Watu wakacheka. Ndicho nisichoweza kukisahau, kile kicheko.

Mapipa yote manne yalichemshwa mbele yetu. Mvuke ulinuka mkate. Mimi nimesimamishwa kazi, na wafadhili wamefunga ofisi. Kahawa imeanza kuoshwa na maji yanashuka mtoni kama mwaka jana. Mama anapanda kwenye chemchemi. Nilipomweleza yote hakunigombeza. Alisema, "Kaka yangu angenipigia simu mimi kwanza." Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako.

Ungeweza kunisubiri msimu mmoja. Wewe uliyekuwa ukiniketisha kwenye kiti chako na kuniita "mtaalamu" nilipokuwa na miaka kumi, ulikwenda kwa watu wasionijua ukaniandika kama mhalifu. Sikuwahi kufikiri mtu wa kunifanyia hivyo angekuwa wewe.

Kuna chuo kimoja Mbeya ambako mwalimu wangu wa zamani amenipa meza, bila mshahara. Nimeirudisha jeni ya sumu, nami natafuta namna ya kuizuia isivuje. Inakwenda polepole, lakini inakwenda. Mamlaka wamesema naweza kuomba upya baada ya mwaka, nikileta vipimo vya mtu mwingine. Nataka usome wewe. Hata nje ya kampuni, hata nyumbani kwa Fabien. Siku saba, kumi na nne, zozote utakazo. Hakuna mwingine ninayemwamini.

Bupe


Umbilo, Durban
20 Julai 2025

Mpwa wangu Bupe,

Tunawasalimu. Huku baridi imeingia kidogo. Clara anasema ile barua ya Juni ningeweza kuiandika kwa upole zaidi. Huenda.

Kampuni imeniondoa tarehe 4. Hawakukosea: nilitia sahihi mapema, na nilificha undugu. Fabien amepewa meza yangu. Siku ya kwanza alinipigia simu kuniuliza ufunguo wa kabati la joto uko wapi, kisha akasema, "Muzee, nimekaa kwa kiti yako, haikai vizuri." Nikamwambia akirekebishe. Nilimpigia dada yangu mara mbili. Mara ya pili alipokea, akanipa habari za kwaya, akakata. Nitaendelea kupiga.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja, nami sikulikuta. Kicheko cha watu kimo, machozi ya Mzee Ephraim yalikuwamo katika ile ya kabla, pazia limo, mvuke umo. Neno la kuniomba radhi halimo. Huenda unaona nililipiza na tukawa sawa. Hatuko sawa. Wewe ulinidanganya kwa kujifanya unanionea huruma, na hiyo ndiyo njia pekee ya kunifikia iliyokuwa imebaki wazi. Sasa nami nimeifunga, na inaniuma kuifunga.

Nimefurahi kwamba umeirudisha jeni ya sumu. Kuhusu kuvuja kwake, angalia kwanza nguvu ya swichi yake, ile sehemu inayoilaza na kuiamsha, kisha uwaoteshe bakteria kwenye nyuzi kumi na nne za joto, si thelathini na saba; maji yenu hayajawahi kuwa na thelathini na saba. Nakutumia nakala ya daftari langu, kurasa za Februari na Machi, na majibu yote ya mashine. Vile vidoa vinne vitakufundisha mengi kuliko mimi.

Lakini visahani vyako sitavisoma. Si kwa sababu ya kampuni, wala si kwa sababu ya hasira, ingawa hasira ipo. Nilipewa kuvisoma mara moja, nikaona nilichotaka kukiona, kwa sababu vilikuwa vyako. Nikivishika tena nitaona hivyohivyo.

Tafuta fundi asiyekupenda.

Mjomba wako,
Anselmo